MAMBO YA SHAMBA: Udongo wa Mlimani, Jinsi ya Kuupima na Kuuchora



Katika habari ya mwezi uliopita nalieleza jinsi ya kuchagua mbegu za maharagwe. Basi mwalimu mmoja wa shule ya mlimani ameniletea barua, asema: "Mbegu twazijua. Lakini shamba la shule lina mahali pa kustawi na mahali pa kufa, na mpaka uliopo katikati hatuuoni kwa macho. Tufanyeje ili tuujue?" Swali hili ni jema, nami nimelichukua kuwa habari ya mwezi huu. Tena nina deni nalo, maana kwa sababu ya kutoujua mpaka huo nalimkosea ndugu yangu wa tumbo moja, mbele ya wazee. Nitawaeleza jambo hilo mahali pake.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Sisi wa Usambara ya magharibi twakaa juu. Mji wa Lushoto uko yapata meta 1,400 juu ya bahari, na vijiji vingine viko juu zaidi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi hutulazimisha kuota moto, na miti ya matunda ya nchi za baridi, kama peasi na plamu, huzaa kwetu, ambayo huko chini Korogwe haizai. Mgeni apandaye kutoka tambarare huona ukijani kila upande, msitu, kabichi, viazi, mahindi, akasema moyoni mwake, "Watu hawa wamepewa udongo wenye mali." Lakini amedanganyika. Ukijani ule watoka katika mvua na ukungu. Udongo wa migongo yetu ni mzee mno. Umetokana na mawe ya kale, na mvua za miaka isiyohesabika zimekwisha kuuosha chakula chake kingi. Wekundu wake ni chuma kilichobaki ndani, kama kutu ya jembe lililosahauliwa nje. Rutuba iliyokuwapo ilikaa juu, katika majani yaliyooza chini ya miti, unene wa kiganja au viganja viwili. Msitu ukikatwa na mteremko ukalimwa pasipo kinga, tabaka hilo hushuka na maji. Ndiyo sababu bonde hustawi: limekula mali ya kilima.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kitabu. Mtu mwenye nyumba hakutaka shamba moja kubwa, bali vipande mbalimbali, kimoja mgongoni, kimoja mteremkoni, kimoja bondeni, ili mwaka wa jua kali bonde limlishe, na mwaka wa mvua nyingi mgongo umponye. Tena walikuwa na majina ya kila udongo kwa rangi yake na kwa jinsi unavyoshikana na jembe.

Na mtu aliyelitia jambo hili katika elimu ya dunia nzima alifanya kazi katika milima yetu hii hii. Huko Amani, Usambara ya mashariki, Wadachi walianzisha mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea na kilimo, na baada ya vita ya kwanza Waingereza wakakiendesha. Hapo alikaa mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne. Yeye aliongoza kazi ya kuchora ramani ya udongo ya Afrika ya Mashariki yote, nchi ambayo mtu hawezi kuichimba kila mahali hata akipewa maisha kumi. Lakini katika kusafiri akaona kwamba udongo haukutawanyika ovyo. Kilima baada ya kilima waufuata utaratibu ule ule: huu juu, huu ubavuni, huu chini ya mteremko, huu bondeni, kisha kilima cha pili huanza tena vivyo hivyo. Akauita utaratibu huo kwa neno la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Ramani ilitolewa mwaka 1936, na Milne akafa mwaka 1942, lakini neno lake hutumiwa hata leo na wanafunzi wa udongo wa kila bara. Mwalimu awezaye kusimama na watoto juu ya kilima na kuwaonyesha mnyororo huo kwa kidole amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ramani.

Sasa habari ya deni langu.

Marehemu baba yetu alituacha ndugu watatu wa kiume na shamba moja, lishukalo kutoka mgongo wa kilima mpaka kijito. (Dada zetu wawili hawakupewa kitu, na hilo nalo ni neno, maana sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nitalirudia siku nyingine.) Mimi ndimi mkubwa, basi mimi ndimi niliyeshika kamba. Nalilikata shamba vipande vitatu kwa kukingama. Kipande cha juu nikampa mdogo wetu wa mwisho, kwa kuwa alikuwa hajaoa. Cha kati nikampa wa pili. Cha chini nikakitwaa mimi, kwa kuwa nilikuwa na watoto wengi. Hatua zilikuwa sawasawa, wala hakuna aliyenung'unika. Nami nalijisifu kwa haki yangu.

Mdogo wetu akaoa, akalima. Mahindi yake yakatoka na majani ya zambarau, kisha yakawa manjano kuanzia ncha. Maharagwe yakachanua, yakasimama. Akanunua mbolea ya dukani kwa misimu miwili, na fedha yake ikapotea kama maji mchangani. Watu wakaanza kusema. Wengine wakasema ni uvivu. Wengine wakanong'ona habari za ukoo wa mkewe, mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku moja akanijia jioni, akasema, "Kaka, shamba hili halinitaki. Yuko mtu anataka kulinunua apande mikaratusi. Naona heri niuze, niende Dar es Salaam."

Mimi nalikuwa nimeonyeshwa na Bwana Shamba jinsi ya kupeleka udongo kupimwa, lakini nalisikia kwa sikio moja. Nikapanda na jembe, nikachimba mahali pamoja, kwenye pembe ambapo udongo ulikuwa laini na jembe liliingia bila taabu, nikajaza kopo, nikapeleka. Karatasi iliporudi ikasema fosforasi ni nyingi, na uchachu ni wa kadiri tu. Nikawakusanya wazee wa ukoo, nikaisoma kwa sauti, kisha nikasema, "Udongo ni mzima. Kilicho kigonjwa ni mkono." Mdogo wangu hakujibu neno. Shemeji yangu akainuka, akatoka. Tangu masika mpaka vuli hawakukanyaga nyumbani kwangu.

Aliyenifumbua macho ni mama. Aliniuliza, "Ulichimba wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo walipolala ng'ombe wa baba yako miaka ishirini, kabla wewe hujajua kutembea. Umepima zizi."

Wasomaji wapenzi, na tuhesabu kidogo, mpate kuona ukubwa wa kosa langu. Ekari moja ni meta za mraba 4,047. Udongo wake mpaka kina cha sentimeta 20, ndipo mizizi mingi ya mahindi na maharagwe inapokula, una uzito wa tani 800 hata 1,000 hivi, kwa kadiri ulivyoshikana. Nanyi mwapeleka mfuko wa nusu kilo. Huko maabara hawautumii wote. Kwa kila kipimo huchukua gramu chache tu, pengine kijiko kimoja. Basi kijiko hicho ndicho kitakachotoa ushahidi kwa ajili ya tani elfu. Chombo cha maabara hakikudanganya. Kilisema kweli juu ya zizi. Mwongo nalikuwa mimi, niliyemleta shahidi mmoja na kumwita kwa jina la shamba zima.

Kwa hiyo kazi huanza kwa miguu na macho, kabla ya jembe. Tembea shambani polepole, heri asubuhi, pamoja na mtu aliyelima hapo zamani kuliko wewe. Mara nyingi ni mama au bibi, maana wao ndio walioinama juu ya udongo huo miaka mingi. Uliza palikuwa na nini: nyumba, zizi, tanuri la mkaa, njia ya ng'ombe, jalala. Tazama rangi, weusi au wekundu au kijivu cha mahali penye maji. Tazama magugu pia, maana hayasemi uongo sana. Kangaga likijaa, mara nyingi udongo una uchachu. Mnavu na mchicha vikiota vyenyewe vimenenepa, pana chakula. Lakini usihukumu kwa gugu moja. Kisha gawanya shamba katika vipande ambavyo kila kimoja kina hali yake: mgongo peke yake, mteremko peke yake, shina la mteremko, bonde. Mahali pa zizi la kale, chini ya mti mkubwa, kando ya njia na juu ya kichuguu, usichimbe kwa ajili ya mfuko wa shamba. Ukitaka habari zake, upe kila mahali mfuko wake.

Katika kila kipande chimba mahali 15 hivi, ukienda upande huu na upande huu kama nyoka, wala si kwa mstari mmoja. Ondoa majani ya juu. Chimba shimo lenye ubavu ulionyooka, kina cha sentimeta 20, kisha kata ubavuni ubamba mwembamba kutoka juu mpaka chini, uutie katika ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, maana imepakwa zinki, nayo zinki ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Ndoo iliyochukua mbolea au majivu haifai kabisa. Ukiisha kupata vipande 15, vunja mabonge, changanya sana juu ya karatasi safi, tandaza duara, gawanya katika robo nne, tupa robo mbili zinazoelekeana, changanya zilizobaki, gawanya tena, hata ibaki nusu kilo. Anika kivulini, si juani kwa siku nyingi, wala si juu ya meko. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia ukipata maji: jina la kipande, kina, tarehe, na mmea uliovunwa hapo. Usichimbe mara tu baada ya kutia mbolea. Na ukipima tena mwaka mwingine, pima msimu ule ule, ili usilinganishe udongo wa masika na wa kiangazi.

Kwetu twaweza kupeleka mifuko Mlingano, wilaya ya Muheza, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa udongo. Bwana Shamba wa kata atakuonyesha njia na malipo.

Jambo moja la kuchekesha nalilisoma juu ya vipimo hivi. Njia ya kale ya kupima naitrojeni ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, na kile kipimo cha uchachu kiitwacho pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, na wote wawili walifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia, mjini Copenhagen katika nchi ya Denmark. Mimi niliyesema maneno mengi juu ya pombe katika mafundisho yangu nimelazimika kukubali kwamba shamba langu lina deni kwa watu wa bia.

Hicho kipimo cha pH yafaa kila mwalimu akielewe vema. Katikati ni 7; chini ya hapo ni uchachu. Lakini hatua zake si kama hatua za rula. Kila namba moja ukishuka, uchachu huzidi mara kumi. Udongo wa 5 una uchachu mara kumi kuliko wa 6, na wa 4 mara mia. Mahindi na maharagwe hupendelea 6 hivi. Udongo mwekundu ukishuka chini ya 5 na nusu, madini ya alumini yaliyofungwa ndani huanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa mizizi; mzizi hufupika na kunenepa kama kidole kilichoungua. Hapo mbolea haisaidii sana, maana mzizi hauendi kuitafuta. Tena chuma na alumini hushika fosforasi, huizuia isiuendee mmea. Sasa mwafahamu fedha ya mdogo wangu ilikwenda wapi.

Shule isiyo na fedha ya maabara ina njia zake. Kabichi ya zambarau ikichemshwa hutoa maji ya rangi ambayo hugeuka mekundu penye uchachu, na ya buluu au ya kijani penye chokaa au majivu. Tia udongo kidogo katika maji ya mvua, koroga, acha utulie, chota maji ya juu, tia matone ya kabichi, linganisha udongo wa mgongo na wa bonde. Njia hii haitoi namba, lakini yatosha kuwaonyesha watoto kwamba mahali hapa si kama pale. Pia tia udongo katika chupa ndefu na maji, tikisa sana, weka mezani: mchanga hutua mara moja, tope laini baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi baada ya siku moja au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula. Na mwenye mikono tu afinyange udongo wenye umajimaji awe kama utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukirefuka bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi.

Sasa ramani. Wengi huogopa neno hili, wakidhani ni kazi ya watu wa mjini. Chukua kamba yenye fundo kila meta 5, na karatasi yenye miraba, upana wa mraba mmoja uwe meta 5. Chora kwanza visivyohama: kijito, jiwe kubwa, mti wa mpaka, njia. Kisha pima mteremko kwa ile fremu ya herufi A: miti miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja wa kukingama, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Uzi ukigusa alama ya kati, miguu yote miwili iko sawa kwa kimo. Tembeza fremu ukitia kijiti kila hatua, nawe utapata mstari ulio sawa kukingama kilima. Mistari hiyo ichore. Ndiyo itakayokuonyesha mahali kilima kinapovunjika na udongo kubadilika, na tena ndiyo mistari ya kupandia majani ya kuzuia maji.

Hapa nasimama kidogo. Wako wazee ambao wakisikia kupima mteremko hukunja uso, nami siwalaumu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya wakoloni iliwaamuru watu wa Usambara walime matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wasiotii wakatozwa faini. Mzigo wa kazi uliwaelemea watu, hasa wanawake. Watu wakakataa, hata mradi ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini mwenye shamba hakuulizwa neno. Ramani anayoichora mtu mwenyewe, kwa kamba yake, haina harufu ya faini.

Vijana watauliza, "Simu haitoshi?" Simu yaweza kuonyesha mahali uliposimama, nayo ni msaada katika shamba kubwa. Lakini hukosea kwa meta kadhaa, na zaidi katika bonde lenye miti, ambapo satelaiti zafichwa na kilima. Shamba letu lina upana wa hatua zisizozidi thelathini. Kosa la meta kumi lingemhamisha mtu kwa jirani. Vivyo hivyo, mwaka 2021 wataalamu walieleza ramani ya udongo ya Afrika nzima waliyoichora kwa msaada wa satelaiti na kompyuta, kila nukta yake ikiwa na ubavu wa meta 30. Ni kazi kubwa na ya heshima, na Bwana Shamba wa wilaya aweza kuitumia kujua aanzie wapi. Lakini meta 30 zaweza kumeza mgongo na mteremko wetu pamoja, na kuvipa namba moja.

Katika kutia rangi, weka daraja chache. Mimi nalitumia tatu: nyekundu kwa pH chini ya 5, manjano kutoka 5 mpaka 5 na nusu, kijani juu ya hapo. Kumbuka kwamba mstari unaouchora baina ya rangi mbili ni kadirio, si ukuta. Mhandisi mmoja wa Afrika Kusini, Danie Krige, alipokuwa akikadiria dhahabu iliyo chini ya ardhi kwa mashimo machache, aliandika mwaka 1951 njia ya kuhesabu kwa kufuata kwamba vilivyo karibu hufanana kuliko vilivyo mbali. Wafaransa wakaipanua, na leo ramani nyingi za udongo huchorwa kwa hesabu hiyo. Nasi twaweza kuifuata roho yake bila hesabu: pale ambapo mifuko miwili ya karibu imetofautiana sana, chimba wa tatu katikati.

Basi nalirudi shambani kwa mdogo wangu, mara hii kwa ruhusa yake, nikachimba jinsi nilivyoeleza hapo juu, mifuko minne kutoka mgongo mpaka kijito, na wa tano wa zizi peke yake. Mgongo wote ukatoka mwekundu kwenye ramani, pH chini ya 5, fosforasi kidogo sana. Mteremko wa ndugu wa kati ukawa manjano. Kipande changu kikawa kijani tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikaitundika ramani ukutani, nikaitazama usiku kucha. Hatua zilikuwa sawa, lakini nilikuwa nimempa mdogo wangu mifupa, mimi nikatwaa nyama.

Nikawaita wazee wale wale. Nikasoma karatasi ya pili kwa sauti ile ile niliyoisomea ya kwanza, nikaomba radhi kwa mdogo wangu na kwa shemeji yangu, nikitaja neno nililolisema juu ya mkono. Mzee mmoja akauliza kwa nini shamba halikukatwa tangu mwanzo kwa kushuka, kila mtu apate mgongo, ubavu na bonde, kama walivyofanya babu zetu. Sikuwa na jibu. Ndugu wa kati hakukubali kukata upya, kwa sababu ana kahawa yake mteremkoni, na kahawa haihami. Nadhani ana haki. Kwa hiyo nimetoa mimi: nusu ya bonde langu amepewa mdogo wangu, nami nimetwaa nusu ya mgongo. Mke wangu aliniuliza usiku, "Na sisi tutakula nini?" Swali lake ni la haki vilevile, nalo bado lingali mezani.

Juu ya kuuponya mgongo, neno la kwanza ni chokaa ya kilimo, ikichanganywa na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda, maana hufanya kazi polepole. Usiitie wakati mmoja na samadi au urea, kwa kuwa huifukuza naitrojeni ikapanda hewani. Usiitie pasipo kupima: viazi katika udongo ulioondolewa uchachu mno huota upele, na chai hupenda uchachu. Kwa fosforasi tuna mawe ya Minjingu, karibu na ziwa Manyara, ambayo yakisagwa huyeyuka vema hasa katika udongo wenye uchachu.  Tena tuna mti wa tughutu, ambao wakulima wa Lushoto huyajua majani yake tangu zamani kuwa chakula cha udongo. Watafiti walioshirikiana na wakulima wetu waliyajaribu majani hayo pamoja na fosfati ya Minjingu katika maharagwe, na maharagwe yakazidi kuzaa. Majani ya alizeti pori nayo yafaa, na yapo bure kando ya njia. Na juu ya yote, kinga maji yasishuke na udongo. Kutia mali katika mfuko uliotoboka ni kazi bure.

Mimi na mdogo wangu tumepanda vitanda vitatu vya maharagwe mgongoni: kimoja kina chokaa, cha pili kina tughutu na Minjingu, cha tatu hakina kitu. Shemeji yangu ndiye anayeandika daftari. Jana vilikuwa na majani mawili mawili, na bado havijaachana. Yule mtu wa mikaratusi alipita tena juma lililopita, akauliza. Mdogo wangu akamwambia angoje mpaka mavuno.

Mwalimu aliyeniandikia na aniletee ramani ya shamba la shule, iliyotiwa rangi na watoto wenyewe, nami nitaipeleka kwa mchapaji. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kuhifadhi viazi vya mbegu visioze katika ukungu.